Naomba ushauri: barua ya uhamisho imeandikwa "kwa maombi yako mwenyewe"

Habari zenu wakubwa. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali huku Lindi, mwaka wa tisa kazini. Januari nimehamishwa kutoka shule ya jirani na Nachingwea mjini kwenda ndani kabisa, njia ya Liwale. Sikuomba. Niliitwa, nikaambiwa kule kuna upungufu wa walimu, nikasaini kupokea barua bila kuisoma vizuri (kosa langu, najua).

Kufika nyumbani ndiyo naona aya ya pili: "kwa maombi yako mwenyewe". Maneno manne tu, lakini yanafuta nauli, usafirishaji wa mizigo na posho ya kujikimu, maana anayeomba mwenyewe hujigharamia. Kitanda, kabati na magunia mawili ya mahindi nimevilipia Kenta (lori dogo) kwa mkopo wa kikoba, na mvua hizi tulikwama mara mbili.

Mwenzangu mmoja ananiambia ninyamaze, daraja langu linakaribia kupanda. Mimi naona barua ile ni uongo kwenye faili langu, siyo suala la hela tu.

Je, nianze kumwandikia mkurugenzi wa halmashauri kupitia kwa mwalimu mkuu nikiomba waonyeshe hayo maombi yangu? Au niende moja kwa moja Tume ya Utumishi wa Walimu, ofisi ya wilaya? CWT (chama cha walimu) nakatwa ada kila mwezi, wanasaidia kweli kwenye hili? Risiti ya Kenta ninayo, imeandikwa kwa mkono, haina muhuri. Aliyewahi kulipwa anieleze alianzia wapi.