Mmetuonyesha kwato dakika ya tano! Filamu ya jini wa Lamu imeniudhi mno

Wadau, shikamooni wakubwa. Nimetoka ukumbini sasa hivi, hapa mtaa wa Langoni, Lamu, saa sita usiku, na silali kabla sijasema. Si woga unaoninyima usingizi, ni hasira.

Tangazo lilisema filamu ya kutisha, imepigwa hapahapa Lamu. Nikalipa shilingi 300 zangu na 300 za mpwa wangu. Kisa chenyewe twakijua tangu utotoni: mwanamke mzuri, buibui jeusi, ananukia udi, anamsimamisha kijana kichochoroni usiku. Kijana akiinamisha macho anaona miguu ni kwato za punda. Bibi yangu alikuwa akitusimulia, na baada yake hakuna mtoto aliyethubutu kwenda chooni peke yake.

Sasa tazameni walivyokiharibu. Dakika ya tano tu, jini huyo hapo, kamulikwa taa mwili mzima. Kwato za mpira. Mshono unaonekana pale kwato inapoungana na mguu, gundi inang'aa. Watu wakacheka. Dakika zote zilizobaki nilikaa nikingoja nini, na nishaoneshwa kila kitu?

Kinachoniuma ni kwamba mji huu uliwapa kila kitu bure. Lamu, sauti ya kwato usiku haimshtui mtu, punda wamejaa vichochoroni. Hapo ndipo mngetukamata! Mtoe kijana mtaa wa Mkomani, giza, kichochoro cha kupita watu wawili kwa shida. Asikie kwato nyuma yake. Ajibanze ukutani kumpisha punda, kama tufanyavyo sote. Punda asipite. Aanze kutembea, kwato zianze. Asimame, zisimame. Kisha asikilize vizuri: ko, ko. Ko, ko. Punda ana miguu minne, na hizi ni hatua za miguu miwili. Basi! Hapo jini hajaonekana hata kidole, na ukumbi mzima usingepumua.

Badala yake kila baada ya dakika mbili wanapiga ngoma na vinanda, PAAA! Huko ni kushtua. Hata mlango ukibamizwa na upepo nitashtuka, kisha nitaendelea kunywa chai. Mara ya tatu masikio yashazoea, na hofu haipo. Hofu inataka kimya, inataka nianze mwenyewe kutilia shaka kitu ninachokijua.

Na nyumba je? Wamepiga ndani ya nyumba ya kale ya mawe, halafu matukio yote sebuleni, taa nyeupe. Nyumba zetu zina chumba cha ndani kabisa, "ndani" kwa jina lake, giza mchana kutwa, na ukuta mzima wa zidaka, vile vishubaka vya ukutani vya kuwekea vyombo. Weka kamera hapo, itulie. Bakuli la kaure lililokuwa kidaka cha juu asubuhi, jioni liwe cha chini, na asiwepo mtu wa kulitaja.

Halafu mganga! Amepiga kelele mkono juu, maneno ya sinema za Ulaya, mtu wa Lamu gani alishaona hayo? Hapa mgonjwa anafukizwa ubani, anasomewa, anaandikiwa kombe kwa zafarani kwenye sahani, aya zinaoshwa kwa maji, anakunywa. Hebu fikirieni mama anamshikia mwanawe sahani ile, mtoto anayatazama maandishi na hataki kufungua kinywa. Mimi hiyo ingenitoa jasho.

Msiniambie bajeti. Mwaka 1963 mwongozaji Robert Wise alitengeneza filamu ya The Haunting, na kinachotisha watu mpaka leo ni vishindo ukutani na mlango wa mbao unaobinuka polepole. Pepo mwenyewe haonekani. Wale wa The Blair Witch Project, filamu iliyotoka mwaka 1999, waliingia msituni na kamera za mkononi, na mchawi hatumwoni hata mwishoni. Kutoonyesha ni bei rahisi kuliko hizo kwato zenu za mpira.

Nasikia sehemu ya pili inaandaliwa, jini yuleyule. Mlioitazama hii, semeni kweli: yupo aliyegeuka nyuma akirudi nyumbani? Mimi nimepishana na punda watatu gizani, mmoja kanifuata mpaka karibu na mlango, na sikugeuka hata mara moja.