Haidroponiki au udongo? Uga ni mita 3 kwa 4, niko Nakuru. Naomba ushauri

MicheMichache
Hamjambo wadau. Niko Nakuru, upande wa Kiamunyi, nyumba ya kupanga ya chini. Nyuma kuna uga wa mita 3 kwa 4, umepigwa simiti, jua linapiga tangu asubuhi mpaka saa tisa. Nataka letasi, spinachi na sukuma kidogo, za kula na za kuuza. Nimekwama: nifanye haidroponiki ya mabomba (kupanda kwenye maji yenye mbolea, bila udongo) au nilete udongo? Sijanunua chochote, nataka ushauri kwanza. Usingizi sipati kwa sababu hela ni ya chama na nikiziharibu nitaulizwa.

JembeButu
Udongo, dada. Mungu aliumba udongo kabla ya bomba la plastiki.
Simiti si shida, tumia magunia ya kilo 90. Changanya madebe matatu ya udongo wa juu, debe moja la samadi iliyooza miezi mitatu au zaidi (mbichi inachoma mizizi) na debe moja la mchanga. Katikati ya gunia simamisha kopo lililotobolewa pande zote mbili, lijaze kokoto, zungushia udongo, kisha livute juu kidogo, ujaze tena, hivyo hivyo mpaka juu. Maji unayamwagia kwenye kokoto ili yafike chini. Bila hiyo nguzo ya mawe, juu panakuwa matope na chini pakavu, halafu mtu anasema magunia hayafai.

BombaLaInchiNne
Jembe, umeongea vizuri ila hukujibu alichouliza.
MicheMichache, haidroponiki si kitu kimoja. Ile ya mabomba yenye pampu, maji yanapita kwa utando mwembamba, inataka mteremko wa kama sentimita 2 kwa kila mita na lita 1 hadi 2 kwa dakika kwa kila bomba. Stima ikipotea mchana wa jua, mizizi inaanza kukauka ndani ya saa moja au mbili, na stima yetu mnaijua. Ile ya Kratky haina pampu kabisa. Ni ndoo au beseni lenye kifuniko, mche unaninginia, maji yanashuka taratibu na mizizi ya juu inabaki hewani. Kila letasi iwekee kama lita 4 na hutaongeza maji mpaka uvune. Kosa la wengi ni kujaza tena mpaka juu maji yakishuka. Unazamisha ile mizizi ya hewa na mmea unakufa ukiwa ndani ya maji.
Kwa letasi nachagua Kratky. Sukuma weka kwenye udongo, inakaa miezi mingi na inakunywa sana.

SokoLaJioni
Mimi nauliza, letasi nani atanunua? Mama mboga hauzi letasi, anauza sukuma, spinachi, managu na terere. Letasi ni ya hoteli, na hoteli inataka idadi ileile kila wiki, si leo vichwa arobaini na wiki ijayo sita. Panda mafungu kila baada ya siku saba, la sivyo zote zitakomaa pamoja na utazila mwenyewe mpaka uchoke. Ongea na mnunuzi kabla ya kuongea na fundi.

Lita20
Mmekimbilia mabomba na magunia na hakuna aliyeuliza maji. MicheMichache, maji yako yanatoka wapi, na EC yake (kipimo cha chumvi zilizoyeyuka) ni ngapi kabla hujatia mbolea?

MicheMichache
Asanteni nyote. Maji yapo, kuna tenki juu na hayapotei. Hiyo haina shida. Mimi naona haidroponiki ni safi zaidi, haina magugu, na inatumia maji kidogo. Ama?

Lita20
Sikuuliza kama yapo. Nimeuliza yanatoka wapi.

JembeButu
Dada anakwepa swali kama mgombea.

MicheMichache
Sikwepi. Ni ya kisima cha ploti. Ni ya chumvi kidogo tu, wapangaji wote wanaoga nayo. Ya kunywa tunanunua. Nimepima: EC 1.1, pH (kipimo cha uasidi) 8.3. Nikikamulia ndimu inashuka mpaka 6 jioni, asubuhi iko karibu 8 tena. Na majani mapya ya juu yanageuka manjano lakini mishipa inabaki kijani. Lakini hayo si nitayatatua na mbolea?

Lita20
Sasa tumefika. Ukioga, maji yanateleza na sabuni haitoki mwilini haraka, sivyo? Povu lipo la kutosha, kwa hiyo watu wanasema maji ni mazuri. Hayo ndiyo maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa: kalisiamu kidogo, sodiamu na bikaboneti (chumvi inayoshikilia pH juu) nyingi, na floraidi, ile inayotia meno kahawia, juu yake.
Angalia hesabu. Letasi inataka mchanganyiko wa EC 1.4 hivi. Maji matupu yameshakula 1.1, na sehemu kubwa ni sodiamu ambayo mmea hauihitaji. Umebakiwa na 0.3 ya chakula. Ukiongeza mbolea mpaka chakula kitoshe, chumvi kwa jumla inapanda na ncha za majani zinaungua. Na mfumo wa mabomba unazungusha maji yaleyale: mmea unakunywa, sodiamu inabaki, unajaza kwa maji mengine ya chumvi, inaongezeka.
Huo umanjano ni njaa ya chuma. Chuma kipo ndani ya mbolea, lakini kile kilichofungwa kwa EDTA (kemikali ya kukishikilia kisigande) huachia pH ikipita 6.5 hivi na mizizi haikioni tena. Tafuta chuma cha DTPA, kifungo kingine cha aina hiyo, hicho huvumilia mpaka karibu 7.5. Hata hivyo hiyo ni bandeji tu, kidonda ni bikaboneti.
Ndimu haitasaidia. Vijidudu vinaila asidi yake, na bikaboneti iliyobaki inarudisha pH pale ilipokuwa. Siki ni vilevile.

Kidole_Tumbo
Sukuma ya Nakuru itaota meno ya kahawia 😂

SokoLaJioni
Wengine wanachemsha eti floraidi itoke. Kuchemsha kunapunguza maji, floraidi inabaki palepale, kwa hiyo unaikoleza. Ndiyo maana watu hutumia vichujio vya mifupa iliyochomwa.

Lita20
Kwa maji ya kunywa, naam. Kwa letasi floraidi si tatizo la kwanza. Sodiamu na bikaboneti ndizo zitamwangusha.

MshukuKwanza
Subirini. Mwanzo dada alisema "sijanunua chochote". Sasa ana kipima pH, kipima EC, na majani mapya ya manjano. Manjano ya chuma hayatokei siku ya kwanza, mmea lazima ukae kwenye hayo maji na utoe majani mapya ndani yake. Hayo majani yanaota wapi, hewani? Huu uzi ni wa muuzaji wa vifaa. Kesho atarudi aseme "nimepata suluhisho" na namba ya simu chini.

Kidole_Tumbo
Na chama kimekuwa kiungo cha kila stori siku hizi.

JembeButu
Nilishangaa kweli. Mtu asiye na usingizi anaandika "mimi naona haidroponiki ni safi zaidi". Hiyo ni sauti ya tangazo.

NyanzaMjini
Mimi niko Kisumu na nawapinga. Muuzaji gani ataandika hadharani kwamba pH inarudi 8 asubuhi? Anayeuza husema "tia tone mbili tu". Hiyo tabia ya kushuka jioni na kupanda usiku ni ya maji ya bikaboneti, na asiyeyajua hawezi kuitunga. Mwacheni aseme amefikia wapi.

MicheMichache
Mimi si muuzaji. Sawa, nimelipa amana. Fundi ameshasimamisha fremu na mabomba manne ya inchi 4 kati ya sita, na tenki ya lita 100. Pampu bado. Letasi ishirini ziko kwenye beseni za majaribio. Nilisema sijanunua kwa sababu amana si kununua, bado ni maongezi. Na fundi aliniambia maji yoyote yanafaa mradi mbolea iwe nzuri. Sioni kwa nini nitupe kila kitu kwa sababu ya maji, watu wanafanya haidroponiki hata jangwani.

MshukuKwanza
Amana si kununua. Haya.

BombaLaInchiNne
Jangwani wanachuja chumvi kwa mashine, dada. Mabomba usitupe, lakini pampu usilipie bado.

Lita20
Hakuna aliyesema utupe. Mambo ni matatu, na la kwanza ndilo kubwa.
Mvua. Paa la mabati la mita za mraba 40 likipata milimita 10 linatoa lita 400, toa za kupotea ubaki na 300 na kitu. Maji ya mwanzo yamwage, yana vumbi na kinyesi cha ndege. Changanya nusu ya mvua na nusu ya kisima: EC inashuka karibu 0.55 na bikaboneti inapungua nusu. Hapo letasi inapata nafasi ya kula.
Asidi. Peleka maji maabara wakupimie alkali (yaani hiyo bikaboneti), usibahatishe. Tuseme imetoka miligramu 300 kwa lita. Kuituliza kwa asidi ya fosfori ya asilimia 85 ni kama mililita 34 kwa lita 100, na hapo fosforasi inapita miligramu 150 kwa lita, nyingi mno. Ukishachanganya na mvua ni kama mililita 14, fosforasi kama 60, inavumilika. Tia kidogo kidogo huku ukipima, ishia pH 5.8 hadi 6.2. Asidi ndiyo inaingia kwenye maji, kamwe usimwage maji kwenye asidi. Vaa glavu na miwani.
Mbolea. Kalisiamu naitreti ikae kwenye chombo chake, mbali na salfeti na fosfati. Ukizikutanisha zikiwa nzito, chini panaganda unga mweupe, na huo unga ndio chakula ulichonunua.

NyanzaMjini
Ongeza kivuli cha tenki. Maji yakipita nyuzi 25 yanashika oksijeni kidogo na mizizi inaoza, inakuwa kahawia na utelezi. Huku kwetu hiyo ndiyo inaua letasi kuliko kitu kingine. Nakuru usiku kuna baridi, utapata nafuu, lakini tenki jeusi juu ya simiti yenye jua bado litachemka. Bomba nazo zipake nyeupe nje. Na mwanga usiingie ndani, utafuga mwani.

JembeButu
Na mimi narudi kwenye magunia. Maji yale yale kwenye udongo yanavumilika zaidi, samadi inatuliza pH.

Lita20
Yanavumilika, hayajawa salama. Sodiamu inavunja udongo, juu panaganda ukoko na maji hayaingii. Gunia lazima litoe maji chini, na mvua ikinyesha liache lioshwe. Kuna njia ya katikati pia: ndoo za pumisi (mawe mepesi ya volkano) inayochimbwa upande wa Naivasha, ioshe mpaka maji yatoke safi, toboa ndoo chini, mwagilia mbolea na acha ziada imwagike isirudi. Chumvi inatoka nayo. Sukuma na spinachi zitafurahi humo, na hakuna pampu.

MicheMichache
Mabomba sitoi, fremu imeshafungwa ukutani. Letasi nitajaribu hayo maji ya mvua, ila mfereji wa paa unamwaga upande wa jirani, itabidi niongee na mwenye nyumba. Sukuma labda magunia mawili. Jembe, hizo kokoto ziwe saizi gani?

JembeButu
Robo tatu ya inchi. Usiweke vumbi la kokoto, linaziba.

MshukuKwanza
Na mwenye nyumba anajua kuna fremu kwenye ukuta wake?