Picha hazijafifia hata kidogo: je, kitabu hiki cha 1876 ni halisi?

Mpenda Majalada:
Salaam, wanajukwaa. Ninakusanya vitabu vya picha za watu mashuhuri vilivyotoka Uingereza enzi ya Malkia Victoria, na sasa nimepata nafasi ya kununua juzuu ya kwanza ya Men of Mark, ambayo picha zake zilipigwa na studio ya Lock & Whitfield. Muuzaji anasema ni ya 1876 na kwamba haina upungufu wowote. Kinachonitia shaka ni picha zenyewe: zina rangi ya kahawia iliyokolea, vivuli vyake ni vizito, na wala hazijafifia, ilhali picha za ute wa yai (zilizochapwa kwenye karatasi iliyopakwa ute huo) nilizonazo za miaka hiyohiyo zimegeuka manjano na nyuso zimepauka. Je, picha ya karne ya 19 inaweza kubaki hivi, au ninauziwa nakala iliyochapwa juzijuzi?

Jicho la Lenzi:
Ndugu, usikikatae kitabu kwa sababu hiyo. Mimi ningeshuku zaidi kama zingekuwa zimefifia. Picha za Men of Mark si za chumvi za madini ya fedha kama hizo zako za ute wa yai, bali zilitolewa kwa njia ya mvumbuzi Walter Woodbury, aliyoipatia hataza mwaka 1864. Jelatini (kitu kama gundi laini) iliyogandishwa na mwanga chini ya negativu ilikaushwa, ikashindiliwa kwa mashine yenye nguvu kubwa kwenye bamba la madini ya risasi mpaka ikaacha alama yake humo. Kisha bamba likamiminiwa jelatini ya vuguvugu iliyotiwa rangi, na karatasi ikabanwa juu yake. Palipokuwa na kina kirefu ndipo rangi ilipojaa, na ndipo kivuli kilipokolea. Kwa kuwa kinachoonekana ni rangi na si fedha, hakuna cha kugeuka manjano.

Jaribu hivi: peleka ukurasa karibu na dirisha, uulaze ili mwanga uupitie kwa ubavu. Utaona koti jeusi limeinuka kidogo kuliko paji la uso, hata ukingo wa kola unaweza kuufuata kwa macho. Baada ya hapo chukua kioo cha kukuzia. Ukiona vitone vilivyojipanga kama wavu, hiyo ni nakala ya kiwandani. Picha ya Woodbury haina kitone, vivuli vyake hupungua polepole bila kukatika.

Hesabu Kurasa:
Naafikiana na Jicho la Lenzi, ila mimi kinachonikera ni hayo maneno ya "haina upungufu". Men of Mark ilitoka katika mfululizo wa juzuu saba, kati ya 1876 na 1883, kila moja ikiwa na picha 36, hivyo jumla ni 252. Picha hizo zilichapwa peke yake kisha zikabandikwa kwenye kurasa, na kwa sababu hiyo ni rahisi mtu kuzing'oa akazitia kwenye fremu, hasa za watu kama Charles Darwin, ambaye naye yumo katika mfululizo huo. Kila picha ina wasifu wake mfupi. Hesabu wasifu, halafu hesabu nyuso, wala usiridhike na unene wa kitabu.

Mshona Vitabu:
Naongeza jambo dogo kuhusu jalada. Vitabu vingi vya enzi hiyo vyenye kurasa nzito havikushonwa, bali viliunganishwa kwa gundi ya mpira ambayo hukauka na kumeguka, na kurasa zikaanza kuchomoka zenyewe. Hilo peke yake si dalili ya wizi. Usizirudishe kwa utepe wa gundi, maana madhara yake hayaondoki. Zifunge kwa karatasi isiyo na asidi mpaka utakapompata fundi.

Mpenda Majalada:
Nawashukuru sana. Dirishani koti liliinuka kama lilivyoelezwa, na kioo hakikuonyesha kitone hata kimoja, kwa hiyo picha ni halisi. Wasifu ni 36, lakini nyuso ni 35: ukurasa mmoja umebaki na umbo la yai lililo jeupe kuliko karatasi inayolizunguka, na chembe za gundi kavu ukingoni. Nimemwandikia muuzaji arekebishe maelezo yake kwanza, kisha ndipo tuzungumze bei.

Hesabu Kurasa:
Ukimaliza naye, nunua. Juzuu yenye picha 35 ikikiri kuwa ni 35 haina ubaya.