Chantier ya Kalemie inauzwa kwa kilo hapa Lubumbashi, na wakubwa wote wanasema "si yetu"

Ba ndugu wa Lubum, na ninyi watoto wa Kalemie mliotawanyika kila mahali, leo naandika na hasira. Anayetaka maneno ya heshima apite tu, sitamkasirikia.

Jumanne nilikwenda Kampemba, kwenye depo moja ya mitraye, vyuma chakavu (depo siitaji, maana zote ni ndugu moja), kutafuta chuma cha kutengenezea geti. Pale chini, kati ya rimu za malori na friji iliyopondeka, nikaona fuawe. Fuawe kubwa, ya kubebwa na watu wawili. Nikaipita. Halafu miguu ikarudi yenyewe. Ubavuni kuna namba, imepigwa kwa patasi, tarakimu moja moja. Ni matrikile ya papa yangu, namba yake ya kazi.

Namba hiyo naijua kuliko siku yangu ya kuzaliwa. Mama aliiandika kwenye kila karatasi ya kudai pensheni, mwaka baada ya mwaka, mpaka akafa na karatasi ziko chini ya mto. Papa alikuwa shodronye, fundi wa mabati, kwenye chantier ya meli, yaani karakana ya kuunganisha na kutengeneza meli, pale Kalemie, kando ya ziwa Tanganyika. Kila kifaa alichokabidhiwa alikipiga namba yake, kwa sababu kikipotea kilikatwa kwenye mshahara.

Nikamuuliza kijana wa depo, "Hii imetoka wapi?" Akasema, "Ya Kalemie hiyo, papa. Ilikuja na treni. Wagoni nzima ya vyuma vya zamani, nyingine inakuja."

Ilikuja na treni! Dada yangu mwaka jana alitaka kuja kwa matanga ya mjomba. Alikaa gare ya Kalemie na mabegi yake na kikapu cha ndagala mpaka ndagala zikaanza kutoa wadudu, treni hakuna. Kumbe kwa mitraye wagoni inapatikana.

Sasa nyie vijana mtaniuliza, chantier ya meli Kalemie ilikuwa nini? Wengi mnadhani Kalemie ni ndagala tu. Nisikilizeni kidogo.

Hakuna meli kubwa iliyotoka baharini ikaingia Tanganyika kwa kuelea. Njia ya maji haipo. Kila meli kubwa ya chuma ya zamani kwenye lile ziwa ilikuja vipande vipande: inatengenezwa ng'ambo, inafunguliwa, kila bati linaandikwa namba, linapakiwa, na ikifika ufukweni mafundi wanaishona upya kwa riveti. Ile ya Wajerumani, Graf von Goetzen, iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikasafirishwa kwenye makasha kama 5,000, ikaunganishwa Kigoma. Upande wetu, reli kutoka Kabalo ilifika ziwani mwaka 1915, kilomita 273, na vipande vya meli ya Wabelgiji, Baron Dhanis, vikapita humo humo. Kwa hiyo mtu akisema "Kalemie hawakuunda meli, waliunganisha tu", mwambie ajaribu yeye. Mmoja anapuliza moto, anachomoa riveti ikiwa nyekundu, anaitupa kwa koleo. Wa pili anaidaka na ndoo. Wa tatu yuko ndani ya tumbo la meli, anaikandamiza na chuma kizito, na wawili wako nje wanapiga nyundo kwa zamu kabla haijapoa. Ikipoa imeharibika, mnaanza tena. Maelfu ya riveti kwa meli moja, na riveti moja ikivuja, maji yanaingia.

Papa alianza wakati kuchomelea kumeshaingia, lakini meli za zamani zilitaka riveti bado. Alikuwa kiziwi wa sikio la kushoto. Nyumbani kwetu tulikuwa tunapiga kelele, siyo kugombana, ni kuongea. Wachumba wa dada zangu walikuwa wanaogopa.

Basi. Wiki mbili kabla ya hiyo Jumanne nilikuwa nimealikwa mjini, kwenye sali moja yenye viyoyozi, mkutano wa "utalii na urithi wa Tanganyika". Juisi, vitafunio, projekta. Mzungumzaji akatumia saa nzima kutusimulia Mimi na Toutou, vile viboti viwili vya kivita vya Waingereza, vya Vita vya Kwanza vya Dunia. Hadithi ni nzuri, sikatai, na sisi wa Lubum inatuhusu: vilitoka Cape Town kwa treni, vikapita hapa hapa, wakati huo mji unaitwa Elisabethville, mwaka 1915, vikashushwa Fungurume. Fungurume hiyo hiyo ya malori ya kobalti! Kutoka pale reli ilikuwa imeisha. Vikakokotwa juu ya milima ya Mitumba mpaka Sankisia, kilomita zaidi ya 200, na matrekta ya moshi, na ng'ombe, na watu. Halafu treni tena mpaka Bukama, mto Lualaba mpaka Kabalo, na treni mpaka ziwani. Tarehe 26 Desemba wakaikamata meli Kingani ya Wajerumani, na Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann.

Kwa saa nzima tulitajiwa jina la kamanda, Spicer-Simson, mara ishirini. Tukaambiwa kwamba alikuwa anavaa sketi. Tukaambiwa kuhusu michoro ya mwilini mwake! Nikanyoosha mkono: "Mheshimiwa, wale waliokata miti, wakajenga madaraja, wakavuta kamba kupanda Mitumba, walitoka vijiji gani? Na waliozitengeneza meli pale Kalemie miaka yote iliyofuata, chantier yao mtaifanya nini?" Akatabasamu. Muda hautoshi, tutaongea wakati wa juisi. Wakati wa juisi alikuwa na mtu wa televisheni.

Siku ile nilirudi nyumbani nikiwa nimekasirika kidogo tu. Baada ya fuawe ndiyo hasira ilikamilika.

Nikaanza kupiga simu. Ofisi ya kwanza: vyuma vile si vya mji, ni vya wenye bandari. Wenye bandari: sisi tuna gati tu, karakana ni ya wenye reli. Wenye reli: mzee, hiyo ilishatolewa kwenye vitabu, na pia unajua maji yalipanda, vitu vingi viliharibika. Ndiyo, ziwa lilipanda, kuanzia 2020 tumeliona likiingia kwenye nyumba za watu na bandarini. Lakini fuawe inaharibiwaje na maji? Fuawe! Na maji hayatumii shalimo, moto wa gesi wa kukatia chuma. Nyuma ya ile fuawe kulikuwa na roli ya kukunjia mabati imekatwa vipande vitatu, mkato mpya, chuma bado kinang'aa. Ziwa halikati hivyo.

Kwa hiyo chantier haina mwenyewe inapotakiwa kutunzwa, lakini siku ya kuuzwa kuna mtu alitia sahihi na akapokea franka. Mtu huyo ndiye namtaka. Nionyeshwe karatasi.

Na kabla hamjaniambia "papa, ni kumbukumbu tu, watu wana njaa", nitawajibu. Desemba 2014 meli Mutambala ilizama karibu na Kalemie. Watu zaidi ya 100 walikufa. Upepo wa Desemba kwenye Tanganyika kila mvuvi anaujua, haukuanza mwaka ule. Nami nauliza, mji uliokuwa na reli ya kuvutia meli nchi kavu, na mafundi wa kugonga bati kwa nyundo na kusikia kwa sauti kama limeoza, leo meli ikitoboka inapelekwa wapi? Papa alikuwa na sikio moja zima na kwa hilo moja alijua bati limebaki na unene gani. Yeye na wenzake walifundisha nani? Hawakupewa vijana wa kufundisha. Walipewa barua za kusubiri.

Wenzetu ng'ambo ya maji, ile Goetzen Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 wakikimbia. Waingereza wakaiinua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Imebeba watu, mihogo na ndagala mpaka vitukuu vya walioishona. Haikuuzwa kwa kilo. Sisi hapa Lubum wenyewe, bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, na ule mlima mweusi wa mabaki ya shaba tunavichapa kwenye tisheti, tunapigia picha za harusi. Moshi ule ulitukohoza miaka mingi, bado tunaupenda. Chantier ya Kalemie kosa lake nini? Kwamba iko mbali na kamera?

Ninachotaka ni kidogo. Ile wagoni ya pili isimame. Mwenye picha za mafundi wa chantier, hata za ukubwa wa pasipoti, hata kitambulisho cha kazi, aziweke hapa chini na jina na matrikile. Na kama papa yako au babu yako alikuwa anapiga namba yake kwenye vifaa, nenda kaangalie kwenye madepo ya Kampemba na Ruashi, beba tochi.

NYONGEZA, Ijumaa: nimesoma majibu yenu. Yule aliyeandika kwamba nitafute kazi, asante, nina kazi. Yule mama wa Katuba aliyetuma picha ya kitambulisho cha mume wake, fundi wa riveti, Mungu akubariki mama, nimemkumbuka, alikuwa anatupa pipi. Wanaouliza kama fuawe nimeinunua: bado. Jumanne bei ilikuwa ya kilo kama vyuma vingine, nikasema nitarudi na manseba wawili tuibebe. Leo asubuhi mwenye depo amenipigia mwenyewe. Kuna mtu amemsomea uzi huu. Amepandisha bei mara tatu, anasema hakujua kama ni kitu cha historia.