Marekani ikijitoa, mkataba unakufa?

Mdau wa Kirumba:
Wakuu, Ijumaa tuna mdahalo Nyegezi. Upande wetu unatetea kwamba Mkataba wa Paris wa mabadiliko ya tabianchi na Shirika la Afya Duniani (WHO) havifi kwa sababu Marekani imejitoa. Tushike hoja zipi?

Bwiru:
Anzeni na Mkataba wa Vienna wa 1969, ule wa sheria ya mikataba, Ibara ya 55: mkataba wa nchi nyingi haukomi eti kwa kuwa wanachama wamepungua chini ya idadi iliyotakiwa kuuanzisha, labda wenyewe useme hivyo. Hapa ndipo wengi hukosea. Paris ulihitaji nchi 55 zenye asilimia 55 ya gesijoto, basi wanadhani mkubwa akitoka hesabu inavunjika. Ile hesabu ni ya kuuanzisha tu. Kisha someni Ibara ya 28 ya Paris: kujitoa huchukua mwaka mzima. Barua ya Marekani iliwasilishwa Januari 27, 2025, ikaanza kazi Januari 27, 2026.

Mwaloni:
Nakubaliana na Bwiru, ila mkiishia kwenye sheria mtapigwa kwenye pesa. Marekani ilipangiwa asilimia 22 ya michango ya lazima ya WHO. Mei 2025 waliobaki walipandisha michango yao kwa asilimia 20, na bado bajeti ya 2026–2027 ikashuka hadi dola bilioni 4.2 badala ya 5.3 zilizopendekezwa. Msilifiche hilo, litajeni wenyewe kabla wapinzani hawajalishika. Na kwa wasikilizaji wa huku Kanda ya Ziwa: Januari 20, 2025, siku ileile agizo la kujitoa WHO liliposainiwa Washington, Rais Samia na Tedros, mkuu wa WHO, walikuwa Dodoma wakitangaza mlipuko wa virusi vya Marburg wa Biharamulo. Hapo hakuna atakayeuliza WHO inatuhusu nini.

Mdau wa Kirumba:
Asanteni sana. Je, upo mkataba uliokwama kweli?

Bwiru:
Upo, ule wa biashara wa Pasifiki, TPP. Ulikuwa haujaanza, na ulitaka nchi 6 zenye asilimia 85 ya pato la wanachama wote; bila Marekani haifiki. Nchi 11 zilizobaki zikasaini mpya Machi 2018, zikaondoa sharti la pato na kusimamisha vifungu 22, vingi vikiwa vya matakwa ya Marekani. Ukaanza Desemba 30, 2018.

Mwaloni:
Wakiwauliza kuhusu ziwa letu la Victoria, msijibu kwa Paris. Mkataba wa uvuvi uliosainiwa Kisumu 1994 ulikuwa wa nchi tatu, na karibu nusu ya maji ni ya Tanzania. Sisi tukitoka, Kenya na Uganda wabaki wanamlinda sangara gani, wakati anavuka mpaka na kuvuliwa huku akiwa mchanga?