Mrejesho: Majadiliano ya video na wanachuo walioko mazoezini

Habari zenu walimu wenzangu. Mwezi uliopita niliuliza namna ya kutumia Flipgrid, programu ya kurekodi video fupi na kujibizana kwa video, ili wanachuo wangu wa ualimu, waliotawanyika Newala, Tandahimba na Masasi kwa mazoezi ya kufundisha, waoneshane vipindi vyao na kujadiliana. Asanteni mlionijulisha kwamba Microsoft, walioinunua mwaka 2018 na baadaye kuiita Flip, waliacha kuitoa kama programu ya kujitegemea mwaka 2024. Ningehangaika bure.

Nikahamia Padlet, ubao wa mtandaoni ambapo kila mmoja anabandika video au maoni yake. Kila mmoja alirekodi dakika 2 tu, wenzake wakamjibu chini yake. Mlinishauri video ziwe "fupi, na ubora wa chini", na kweli bando lilitosha.

Binti mmoja wa Newala, ambaye chuoni hafungui mdomo, alirekodi akifundisha kugawanya kwa mbegu za korosho. Wenzake wakamuuliza: mbona unajibu swali lako kabla watoto hawajafikiri? Akaitazama tena video yake, akahesabu. Hakusubiri hata sekunde 2. Kipindi kilichofuata akasubiri, na mtoto wa dawati la nyuma kabisa akanyoosha mkono. Hili la kusubiri nalifundisha kila mwaka na halikai, lakini alipojiona mwenyewe, likakaa. Nilifurahi mno.

Sura za watoto hatuzioneshi: kamera inamwelekea mwalimu na ubao, tena kwa ruhusa ya mkuu wa shule.

Wenye simu za batani nimewaunganisha na wenzao wawili wawili, ila hapo bado sijaridhika. Mwenye njia nzuri zaidi anisaidie.