Galápagos: kiingilio cha dola 200 kinalinda visiwa kweli, au kinachohitajika ni ukomo wa wageni?

MLETA MADA

Wakuu, habari za majukumu. Naleta hoja ya mbali kidogo, ila kila anayekula kupitia utalii hapa kwetu inamhusu.

Visiwa vya Galápagos ni mali ya Ekwado, viko Pasifiki, karibu kilomita 1,000 kutoka bara. Tarehe 1 Agosti 2024 kiingilio cha mgeni wa kigeni kilipanda kutoka dola 100 hadi dola 200. Ile 100 ilikuwa haijaguswa tangu miaka ya 1990. Raia wa Ekwado sasa analipa 30. Sababu iliyotolewa ni kwamba visiwa vimeelemewa: mwaka 2023 waliingia wageni karibu 330,000, wakati wakazi ni kama 30,000 tu.

Msimamo wangu ni huu. Pesa hiyo ni haki yao kuitoza, na wala si kubwa. Lakini kusema bei ndiyo itakayolinda visiwa ni kujidanganya. Kinacholinda kule ni mambo mawili: idadi iliyowekewa ukomo, na mwongozaji anayetembea na wageni hatua kwa hatua. La pili liko imara. La kwanza lipo baharini tu, nchi kavu halipo.

Kwa asiyejua safari za kule zinavyokwenda: asilimia 97 ya ardhi ni hifadhi ya taifa, iliyotangazwa 1959. Watu wanaishi kwenye kipande kilichobaki, Santa Cruz, San Cristóbal, Isabela na Floreana. Ukitaka kuona visiwa vya mbali unapanda meli ya kulala humo humo, inatembea usiku, asubuhi mnaamkia kisiwa kingine. Meli haibebi zaidi ya abiria 100. Mkishuka mnagawanywa, watu wasiozidi 16 kwa mwongozaji mmoja aliyesajiliwa na hifadhi. Njia ina alama na hutoki nje yake. Mnyama unakaa naye umbali wa mita 2. Tangu 2012 meli hairuhusiwi kurudi sehemu ile ile kabla ya siku 14 kupita, ndiyo maana ratiba zinazunguka mpaka kule kusiko na majina makubwa badala ya wote kurundikana pamoja.

Na sheria hizi hazikutungwa kwa kupenda usumbufu. Visiwa vile ni volkano tupu. Chini kuna chemchemi ya moto isiyohama, juu yake bamba la ardhi linasogea kuelekea mashariki, kwa hiyo visiwa vya magharibi ndivyo vichanga na bado vinawaka. Sierra Negra ililipuka 2018, Wolf Januari 2022, La Cumbre ya kisiwa cha Fernandina Machi 2024. Lava mbichi ina ganda jembamba juu. Ukikanyaga hovyo linavunjika, na dungusi wa kwanza kuota pale anachukua miaka mingi kusimama. Halafu kila kisiwa kina viumbe vyake. Kuna mnandi asiyeweza kuruka, yuko Fernandina na Isabela tu, duniani kote hayupo pengine. Mbegu moja iliyonasa kwenye soli ya kiatu ikivuka kutoka kisiwa hadi kisiwa inaweza kuharibu kilichochukua mamilioni ya miaka kutengenezwa.

Sasa tatizo. Vitanda vya melini viliwekewa ukomo zamani. Karibu ongezeko lote la wageni limekwenda kwenye hoteli na nyumba za wageni mijini, ambako ukomo wa namna hiyo haupo. Puerto Ayora, mji wa Santa Cruz, maji ya bomba yana chumvi, hayanyweki. Chakula na mafuta vinatoka bara kwa meli, na kila shehena ni mlango wa mdudu mpya. Kuna inzi anaitwa Philornis downsi, aliletwa na watu. Funza wake hunyonya damu ya makinda ya wale ndege wadogo waliomfikirisha Darwin baada ya safari yake ya 1835. Na mpera, huu huu tunaoujua, kule ni gugu lililomeza mashamba na misitu.

Mgeni aliyelipa 200 anaoga maji yale yale aliyooga aliyelipa 100. Ningekuwa na sauti kule, ukomo ningeuweka kwenye viti vya ndege kwa mwaka. Naomba kuwasilisha.

MCHANGIAJI, MOSHI

Mkuu, mimi ni mwongoza wageni mlimani, kwa hiyo la mwongozaji nakubaliana nawe asilimia mia. Kilimanjaro hupandi bila mwongozaji aliyesajiliwa, na anayedhani kazi yetu ni kuonyesha njia hajawahi kumshusha mgeni aliyeanza kukohoa povu usiku.

Lakini ukomo wa viti vya ndege unampiga nani? Meli za kulala baharini ni biashara ya wenye mitaji. Mwenyeji wa kawaida ana vyumba vinne vya kulala wageni, boti ya kutwa, kibanda cha samaki. Umesema mwenyewe ongezeko lote limekwenda mjini. Maana yake limekwenda kwake! Ukikata viti, wenye meli wataendelea kujaza vitanda vyao kwa wageni matajiri, mwenye vyumba vinne ndiye atakayefunga.

Usisahau kilichotokea kabla utalii wa mjini haujakua. Miaka ya 1990 wavuvi wa jongoo bahari walipokatazwa kuvua walikuja juu, mpaka mwaka 1995 wakakivamia kituo cha utafiti cha Charles Darwin na kutishia kobe waliokuwa wanalelewa pale. Hawakuwa na chuki na kobe. Walikuwa na njaa, na waliona mnyama anathaminiwa kuliko wao. Leo watu wa visiwa vile vile wanaendesha boti za watalii. Hilo ni ulinzi pia, na limeletwa na wageni wengi, siyo wachache.

MCHANGIAJI, TORONTO

Nimefika huko mwaka jana, nikakaa mjini, nikawa nachukua safari za kutwa. Niwape nilichokiona.

Kabla ya kupanda ndege, bado uko bara, mizigo inakaguliwa kama kuna matunda, mbegu au udongo. Kisiwa cha Seymour Norte tulikuta dume la ndege mwenye miguu ya buluu anacheza katikati ya njia, ananyanyua mguu mmoja, anaushusha, ananyanyua mwingine, jike kasimama pembeni anamtazama. Mwongozaji akatusimamisha wote. Hakuna aliyepita mpaka ndege alipomaliza na kuondoka mwenyewe. Mzee mmoja kundini alitaka kuzunguka kwa pembeni, akaambiwa kwa upole hapana, pembeni kuna mayai. Na kweli yalikuwepo, yako chini kwenye vumbi, usipoonyeshwa huyaoni. Tulipokuwa tunarudi botini tukasuuza viatu kuondoa mchanga.

Jioni niko Puerto Ayora, mjini, hakuna mwongozaji. Iguana wa baharini wamelala juu ya saruji ya gati, wanapiga chafya za chumvi. Vijana wawili wamechuchumaa, simu iko kama shibiri moja kutoka puani kwa mnyama. Mwingine akamgusa mkia. Hakuna aliyesema neno.

Wageni wale wale waliotulia mbele ya mwongozaji mchana ndio hao hao jioni. Kwa hiyo mimi namuunga mkono mleta mada kuhusu mwongozaji, ila naona anafikiria ndege wakati shida iko pale gatini. Dola 200 zitoe mshahara wa walinzi wa mjini. Ukijumlisha nauli na malazi, hiyo 100 iliyoongezeka hakuna niliyesafiri naye aliyeilalamikia.

MCHANGIAJI, NAROK

Niulize tu. Kwetu hifadhi ya Maasai Mara, tangu 2024, mgeni asiye mkazi analipa dola 200 kwa siku kuanzia Julai hadi Desemba. Kwa siku! Galápagos analipa 200 mara moja, anakaa mpaka likizo yake iishe. Kwa nini wao ndio wanaonekana wakali? Kiingilio chao wangekifanya cha kila siku, mgeni angepunguza mwenyewe siku za kukaa na maji yangebaki.

MCHANGIAJI, UNGUJA

Assalaam alaykum. Ndugu zangu, sisi tuna visiwa, tuna watalii, tuna kobe wakubwa, basi tutazame kwetu. Kobe wa Changuu asili yao ni Shelisheli, waliletwa mwaka 1919 kama zawadi. Leo mgeni anawalisha majani kwa mkono, anawapapasa shingo, anapiga picha kamkumbatia. Kizimkazi ndiyo usiseme: pomboo wakitokeza, maboti yanawakimbilia kutoka kila upande, na wageni wanarukia majini juu yao.

Sikubaliani na ndugu wa Moshi kwamba wageni wengi ni ulinzi. Nahodha wa Kizimkazi naye ana njaa, naye kapata riziki ya utalii, na bado anamfukuza pomboo, kwa sababu asipomfukuza yeye, boti ya pembeni itamfukuza na mgeni atahamia huko. Mwenye boti mmoja mmoja hawezi kujizuia peke yake. Lazima iwepo sheria inayomfunga yeye na jirani yake siku moja. Pale Galápagos mita 2 ni mita 2 kwa kila boti, ndiyo maana mwongozaji anaweza kumwambia mgeni hapana bila kuogopa kukosa bakshishi.

MCHANGIAJI, KIGALI

Mnagombanisha bei na idadi, kwetu vilikwenda pamoja. Mwaka 2017 kibali cha kuona sokwe wa milimani kilipanda kutoka dola 750 hadi 1,500. Lakini watu wanane kwa kundi moja la sokwe, kwa saa moja, hiyo ilikuwepo kabla. Kwa sababu nafasi zilikuwa zimehesabiwa, bei ikawa na maana: nafasi ile ile, pesa mara mbili, na sehemu ya wanavijiji wanaopakana na hifadhi ikapandishwa kutoka asilimia 5 hadi 10. Ukipandisha bei bila kuhesabu nafasi, unavuna pesa, na foleni inabaki pale pale.

MLETA MADA

Nimewasoma wote. Ndugu wa Kigali amelisema vizuri zaidi yangu.

Ndugu wa Moshi, hoja yako ni nzito na siikwepi. Ila ukomo si lazima umwangukie mwenye vyumba vinne. Sheria maalumu ya visiwa, ile ya 1998 na hii iliyochukua nafasi yake 2015, tayari inabagua kwa faida ya mwenyeji: hata raia wa Ekwado kutoka bara hahamii kule anavyotaka, na kazi ya kuongoza wageni ni ya wakazi wa kudumu. Wakiweza kuamua nani aishi pale, wanaweza kuamua pia kwamba vitanda vipya vya wageni vikisimamishwa, visimame vya wawekezaji wakubwa kwanza, na vya kaya vibaki.

Bibie wa Toronto, la walinzi wa gatini nimelichukua. Lakini jiulize watahitajika wangapi kama wageni wakifika nusu milioni.

Na tusisahau kwamba kule walishachelewa mara moja. Galápagos ni miongoni mwa sehemu za kwanza kabisa kuandikwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, mwaka 1978. Mwaka 2007 UNESCO ikaiingiza kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni utalii na uhamiaji uliokua bila kudhibitiwa, pamoja na viumbe wageni. Ilitolewa 2010. Wageni wa leo ni wengi kuliko wa wakati ule.

MCHANGIAJI, MOSHI

Vitanda vya kaya vikilindwa kwa maandishi, nipo nawe. Vikiachwa kwa ahadi ya mdomo, sipo. Mlimani nimeona ahadi nyingi kuhusu posho za wapagazi.